Matembezi kwa Ajili ya Wagonjwa: Hoja Iliyogawanya Kamati Yetu

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Songea

Vikao vya kamati yetu hufanyika baada ya swala ya Isha, na kwa kawaida huisha kabla chai haijapoa. Ajenda hazibadiliki sana: ankara ya umeme, koki za kutawadhia zinazovuja, posho ya ustadhi wa madrasa ambayo daima iko nyuma kwa mwezi mmoja. Lakini mwezi Juni kikao kimoja kilivuka saa tano za usiku, na chai ikapoa mara mbili, kwa sababu ya karatasi moja iliyoletwa na vijana.

Karatasi hiyo iliomba msikiti uitishe matembezi ya hisani kutoka Songea hadi Mbinga, mwendo wa takriban kilomita 100, kwa muda wa siku tatu. Kila mtembeaji angetafuta watu wa kumwahidi fedha kwa kila kilomita atakayoimaliza. Fedha zote zingeingia katika mfuko wa wagonjwa wanaopewa rufaa kwenda hospitali za mbali, wasiokuwa na nauli ya kuwafikisha huko wala pa kulaza ubavu wakifika.

Vijana hawakulitaja jina la mtu, lakini kila mjumbe alijua karatasi ile ilikuwa inamzungumzia nani. Muadhini wetu ana binti wa miaka sita aliyezaliwa na tundu katika moyo. Mwaka juzi aliandikiwa rufaa ya kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900 kwa basi. Tulipitisha bakuli Ijumaa mbili mfululizo. Kilichopatikana kilitosha nauli ya mama na mtoto na kula yao ya siku chache. Baba alibaki Songea akiadhini, na wale wanaosali safu ya kwanza watakumbuka jinsi sauti yake ilivyokuwa siku zile. Mtoto alitibiwa, alhamdulillah. Ila matibabu ya moyo hayaishi siku ile mshono unapofungwa. Zipo kliniki za kurudi kuangaliwa, na kila tarehe ikikaribia inatubidi tupitishe bakuli upya. Kliniki mbili zimempita, kwa kuwa bakuli lilirudi jepesi.

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani usiku ule, hata pale wajumbe walipokuwa wakibishana juu ya viatu na fulana.

Wa kwanza kupinga alikuwa mzee wetu mmoja, mjumbe wa kamati tangu msikiti ukiwa wa miti na udongo. Ni mtu ambaye akikohoa, kikao kinanyamaza. Alisema: "Katibu, mgonjwa anahitaji shilingi. Hahitaji malengelenge ya watu. Mwenye cha kutoa na atoe. Mguu wa nini?" Kisha akaongeza kwamba yeye ni Mngoni, na baba yake alitembea kwa miguu kutoka huku hadi pwani akitafuta meli ya kumpeleka katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na hakuna aliyemwahidi hata senti kwa kila maili. Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani.

Wengine walikuwa na hoja zao. Mmoja alihofia riya, kwamba watu watatembea ili wapigwe picha. Mwingine aliuliza habari ya wanawake: je, binti zetu watalala njiani usiku mbili bila maharimu? Wa tatu, ambaye ni dereva, alizungumza kidogo lakini alisema lililo zito kuliko yote. Alituuliza kama tumeyahesabu malori ya makaa ya mawe yanayotoka machimbo ya Ngaka na kupita barabara hiyo usiku na mchana. Kikao kiliahirishwa. Nikaagizwa nitafute kauli za wanazuoni na mifano ya waliotangulia, nirudi na taarifa baada ya mwezi. Makala hii ni sehemu ya taarifa ile, nimeiandika kwa kuwa naamini misikiti mingine nayo inayo bakuli linalorudi jepesi.

Miguu katika vitabu vyetu

Nilianza na lile lililonisumbua zaidi, yaani je, kujichosha kwa kutembea kuna thamani yoyote mbele ya Mwenyezi Mungu? Hapa hadithi mbili zinasimama zikitazamana, na mtu akisoma moja akaiacha nyingine atapotea.

Ya kwanza ni ile ya Anas bin Malik (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alimwona mzee akikokotwa baina ya wanawe wawili, akauliza ana nini. Akaambiwa ameweka nadhiri ya kutembea kwa miguu. Mtume akabainisha kwamba Mwenyezi Mungu hana haja ya mtu huyo kuiadhibu nafsi yake, na akamwamuru apande mnyama. Mafunzo yake yako wazi: maumivu peke yake si ibada. Mwenye kufikiri kwamba damu ya kisigino chake inamkaribisha kwa Mola zaidi ya shilingi ya jirani aliyekaa kwenye kiti chake, hajaielewa dini hii.

Ya pili ni ya Bani Salima, iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.). Watu hawa walikaa mbali na Msikiti wa Mtume na walitaka kuhamia karibu. Mtume (s.a.w.) akawaelekeza wabaki katika makazi yao, kwa kuwa nyayo zao zinaandikwa. Kwa hiyo hatua inayo thamani, lakini thamani hiyo inatokana na kule inakokwenda. Mzee wa nadhiri alitembea kwa ajili ya kutembea. Bani Salima walitembea kwa sababu kulikuwa na jambo la kuliendea.

Juu ya riya, aya ya 271 ya Suratul Baqara haikuifunga njia yoyote: sadaka ya wazi imesifiwa, na ya siri kumpa fakiri imepewa ubora zaidi. Wanazuoni wetu wamefafanua kwamba kudhihirisha kunaweza kuwa bora pale kunapowavuta wengine kutoa. Na ushahidi wa hilo ni kisa cha watu wa Mudhar, alichokisimulia Jarir bin Abdillah (r.a.) na kupokewa na Muslim. Walifika Madina wakiwa karibu uchi kwa ufukara, uso wa Mtume ukabadilika kwa huzuni, akahutubia. Hakuna aliyesogea haraka mpaka mtu mmoja katika Answari alipokuja na mfuko mzito ambao mkono wake ulikuwa unashindwa kuubeba. Baada yake watu wakafuatana, mpaka pakawa na marundo mawili ya chakula na nguo, na uso wa Mtume ukang'aa. Hapo ndipo alipoeleza ujira wa mwenye kuanzisha mwendo mwema ukafuatwa. Nilipokisoma kisa hiki upya niliona kwamba swali la mzee wetu, "mguu wa nini?", limejibiwa ndani yake. Watu wa Madina walikuwa na tende na nguo zao majumbani kabla ya yule Answari kusimama. Kilichopungua ni mtu wa kwanza kuonekana akibeba kitu kinachomlemea.

Tena tusisahau kwamba msikiti na mgonjwa si wageni. Katika vita vya Khandaq, Saad bin Muadh (r.a.) alipojeruhiwa, Mtume (s.a.w.) alimpigia hema ndani ya msikiti ili awe karibu kumjulia hali, na wanahistoria wa sira wanamtaja Bi Rufaida wa kabila la Aslam kuwa ndiye aliyewauguza majeruhi. Karne kadhaa baadaye Waislamu walijenga hospitali kubwa kwa mali za wakfu, kama ile ya Nuru Din Zangi huko Damascus mwaka 1154 na ile ya Sultani Qalawun mjini Cairo mwaka 1284, ambazo kodi za maduka na mashamba zilikuwa zikilipa dawa na chakula cha wagonjwa bila kujali uwezo wao. Sisi hatuna kodi za maduka. Tuna bakuli, na sasa tumeletewa wazo la miguu.

Waliotangulia

Mifano ya zama zetu haikuwa migumu kuipata. Hapa nchini mbio za hisani zimekuwa jambo la kawaida. CRDB Bank Marathon, iliyoanza mwaka 2020, imekuwa ikichangia upasuaji wa watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili. NBC Dodoma Marathon imejulikana kwa kuchangia mapambano dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi kupitia Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jijini Nairobi, matembezi ya Mater Heart Run yamewalipia watoto wengi matibabu ya moyo.

Lakini mfano uliowagusa wajumbe ni wa Mkenya, Zachary Kimotho. Alikuwa daktari wa mifugo. Mwaka 2004 majambazi wa magari walimpiga risasi, akapooza kuanzia kiunoni. Mwaka 2012 alitoka Nairobi akiwa juu ya kiti chake cha magurudumu, akisukuma kwa mikono yake, akisema anaelekea Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 4,000, kwa kuwa huko ndiko zilipo huduma za walioumia uti wa mgongo ambazo nchi yake haikuwa nazo za kutosha. Kampeni iliitwa kwa jina la kumrudisha Zack nyumbani: Wakenya walitakiwa wachange shilingi milioni 250 za Kenya za kujengea kituo cha uti wa mgongo, ili asilazimike kuendelea. Kila siku aliyozidi kusogea barabarani ilikuwa ni deni linaloongezeka juu ya watazamaji. Hakufika Afrika Kusini, wala hakukusudiwa afike. Lengo la fedha nalo halikutimia, ingawa makumi ya mamilioni yalichangwa, mengi yakiwa ni shilingi ndogo ndogo za simu.

Nilipoisoma habari hii katika kikao, mzee wetu alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Huyo sawa. Huyo alikuwa anatembea njia yake mwenyewe." Naomba msomaji alikumbuke neno hilo, kwa sababu lilirudi baadaye.

Wa pili ni mtu ambaye kila familia ya Kiislamu ingefaa imsimulie watoto wake. Mwezi Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa umefunga dunia, askari mstaafu wa Uingereza, Tom Moore, aliazimia kuzunguka bustani ya nyumba yake mara 100, akishikilia kigari cha kutembelea, kabla ya kutimiza miaka 100. Alitaka apate paundi 1,000 kwa ajili ya misaada ya huduma za afya za nchi yake. Zikapatikana zaidi ya paundi milioni 32. Katika mji wa St Albans, mzee mwingine wa umri huohuo, Dabirul Islam Choudhury, mzaliwa wa Sylhet ambayo leo iko Bangladesh, alisikia habari ile. Ramadhani ilikuwa imeingia. Akaanza naye kuizunguka bustani ya makazi yao, akiwa amefunga, akiwa na miaka 100. Alikusudia mizunguko 100, lakini fedha zilipoendelea kuja naye akaendelea, mpaka Ramadhani ilipokwisha akiwa ametimiza mizunguko 970. Zilikusanywa zaidi ya paundi 400,000, sehemu yake ikaenda kwenye huduma za afya za Uingereza na nyingine kwa wahitaji wa nchi nyingi. Mwaka huohuo akatunukiwa nishani na Malkia.

Sikuificha kamati upande wa pili wa sarafu. Baada ya Tom Moore kufariki mwaka 2021, taasisi iliyoundwa kwa jina lake ilichunguzwa na Tume ya Hisani ya Uingereza, na ripoti iliyotoka Novemba 2024 ilimkuta binti yake na mkwewe na makosa mazito ya usimamizi, yakiwemo ya kujinufaisha binafsi. Zile milioni 32 hazikuhusika. Zilikwisha kufika zilikokusudiwa. Lakini jina la mzee aliyetembea kwa nia safi limebaki na doa ambalo si yeye aliyelitia. Nilipomaliza kusoma sehemu hiyo, mweka hazina wetu alijitengeneza kwenye kiti.

Kuijua hoja kwa miguu

Niliona si haki kuitetea hoja ya kutembea nikiwa nimekaa. Jumamosi moja ya Julai, baada ya Alfajiri, tuliondoka watu watatu: mimi, kijana aliyeandika ile karatasi, ambaye ni dereva wa bodaboda, na mjumbe mmoja fundi cherehani. Hatukwenda Mbinga. Tulikusudia Peramiho, kilomita kama 24, tuione barabara na tujione wenyewe.

Wanaoijua Songea mwezi wa Julai wanajua baridi yake. Mji uko juu, na upepo wa alfajiri unaoshuka kutoka milima ya Matogoro hupenya koti. Saa ya kwanza ilikuwa raha tupu. Tulisoma nyiradi za asubuhi, tukazungumza, fundi akatuchekesha kwa visa vya wateja wanaotaka kanzu siku ya mkesha wa Idi. Saa ya pili malori yakaanza. Lori la makaa linapokupita, upepo wake hukusukuma nje ya lami kabla vumbi halijakufikia, na pale penye kona huna pa kukimbilia ila mtaroni. Yule mjumbe dereva alikuwa na haki, na zaidi ya haki. Nilijaribu kuwafikiria watu 100 wakiwa wamejipanga kando ya lami ile giza likiingia, nikajua moyoni kwamba safari ya siku tatu nimeshaiacha.

Saa ya tatu ikawa zamu ya miguu. Kosa langu ni la kipumbavu na nalitaja ili lisirudiwe: nilinunua raba mpya siku moja kabla. Kijana wa bodaboda alivaa ndala na hakupata hata mchubuko.

Hapo ndipo alipotukuta mama mmoja wa makamo akiwa na mzigo wa kuni kichwani, akitembea kwa kasi ambayo sisi tulikwisha kuipoteza. Tulimwamkia shikamoo. Akaitika, akauliza tunakwenda wapi. Tukamwambia Peramiho. "Gari hamkupata?" Tukamweleza: twatembea kupima njia, maana msikiti unataka kuchangisha kwa ajili ya wagonjwa wasio na nauli. Alitusikiliza mpaka mwisho akiwa na mzigo wake kichwani, kisha akacheka sana, cheko la mtu aliyeona jambo lisilo na kichwa wala miguu. Akafungua pindo la kanga, akatoa shilingi 500, akampa fundi, akatupita. Hatukumwomba.

Tulifika Peramiho saa tano na nusu, mimi nikichechemea. Wapo watakaouliza, na katika kamati waliuliza, kwa nini tuelekee penye hospitali ya misheni. Jibu langu ni fupi. Wamisionari Wabenedikto walifika Peramiho mwaka 1898, na hospitali yao imewapokea watu wa mkoa huu wa dini zote. Baadhi ya wajumbe waliouliza swali hilo walizaliwa pale. Mtume (s.a.w.) katika safari ya Hijra alimwajiri mwongoza njia asiyekuwa Mwislamu, kwa sababu alikuwa anaijua njia na ni mwaminifu. Na fedha zetu hazimpi mtu jengo lolote. Zinamfuata mgonjwa, popote alipoandikiwa kwenda.

Tulikaa kivulini, karibu na mahali ambapo jamaa za wagonjwa hupumzika. Alikuwepo bwana mmoja, umri wake labda miaka arobaini, akimenya mihogo. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa mtini, na nyuma, juu ya keria, palikuwa pamefungwa godoro lililokunjwa. Alisema amemleta mama yake kutoka kijiji kilicho mbali, upande wa mto Ruvuma. Alimpakia mama kwenye baiskeli, yeye akasukuma, siku moja na nusu, mpaka walipopata gari la mazao lililowasogeza. Alisimulia bila kulalamika, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Kisha akatazama raba zangu nilizokuwa nimezivua, na soksi yenye damu.

"Na ninyi," akauliza, "mmemleta nani?"

Tulitazamana. Nimesoma chuo, nimefundishwa khutba na mantiki, na sikuwa na jibu. Fundi cherehani ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, "Bado hatujamleta mtu."

Tulirudi Songea kwa gari.

Kikao cha pili

Nilisoma taarifa yangu yote, na mwisho nikasimulia habari ya yule bwana wa baiskeli kama nilivyoisimulia hapa. Hakuna aliyeizungumzia moja kwa moja. Lakini mabishano yalikuwa yamebadilika. Hayakuwa tena ya kama itafanyika bali ya namna gani.

Mbinga iliondolewa. Matembezi yatakuwa ya siku moja, Songea hadi Peramiho, kwa idadi ndogo ya watu wazima wenye afya, baada ya kuliarifu jeshi la polisi kwa barua na kupewa askari wa usalama barabarani. Wote watavaa fulana zinazoakisi mwanga na hakuna atakayekuwa barabarani kabla ya jua kuchomoza. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au mjamzito hatatembea, na mwenye kuchoka atapanda gari bila kuulizwa, kwa kuwa hadithi ya mzee wa nadhiri ndiyo itakayokuwa sheria yetu. Swala ya Adhuhuri itasaliwa kamili. Mwendo wa kilomita 24 haufikii marhala mbili za madhehebu yetu ya Shafi, kwa hiyo asiwepo wa kupunguza.

Juu ya akina mama, tulikuwa tunazungumza kwa niaba yao kwa muda mrefu mpaka Bi Mwenyekiti wa jumuiya ya akina mama, aliyealikwa kikaoni, alipoomba nafasi. Alisema: "Wazee wangu, sisi tunatembea kila siku, kisimani, shambani, zahanati. Tofauti ni kwamba hakuna anayetuahidi shilingi." Wao wakajiamulia mzunguko wao ndani ya mji, asubuhi, wakirejea kabla ya Adhuhuri, na daftari lao la ahadi. Nina wasiwasi kwamba watatushinda kwa makusanyo.

Fedha zitahesabiwa kuwa sadaka, si zaka. Zaka ina mafungu yake manane katika aya ya 60 ya Suratut Tawba, na japokuwa mgonjwa fakiri anaingia humo, hatukutaka kuchanganya mifuko halafu tukashindwa kuitenganisha. Hakuna bahati nasibu wala tiketi za zawadi. Ufadhili wenye harufu ya riba tuliuweka kando bila mjadala mrefu. Wapo wanazuoni wa zama hizi wenye maelezo marefu juu ya matumizi ya fedha hizo katika maslahi ya umma, lakini mwaka wa kwanza si mwaka wa kuanza na shaka. Hatapigwa picha mgonjwa yeyote. Mtoaji asiyetaka jina lake lijulikane ataandikwa kwa namna anayoitaka. Hesabu itasomwa hadharani Ijumaa ya kwanza baada ya matembezi na kila mwezi baada ya hapo mpaka senti ya mwisho itoke, na atakayenufaika wa kwanza ni yule ambaye kliniki mbili zimempita.

Mzee wetu hakusema neno muda wote huo. Mwenyekiti alipotaka kufunga kwa dua, akakohoa.

"Nani atashika daftari?"

Mweka hazina alisema yeye. Mzee akatikisa kichwa. Akasema mweka hazina ana daftari la msikiti, na daftari mbili katika mkono mmoja huzaa la tatu. Ukimya ukapita. Kisha kijana wa bodaboda, kwa adabu, akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Babu, tungependa ushike wewe."

Mzee hajasema mpaka leo kama ameikubali hoja ya kutembea. Alichofanya ni kuomba daftari jipya na kalamu ya wino. Fundi akatoa mfukoni ile noti ya shilingi 500, aliyokuwa ameitunza tangu siku ile, akaiweka mezani. Mzee akafungua ukurasa wa kwanza, akapiga mistari kwa mkono, tarehe, jina, kiasi, akaniuliza yule mama wa kuni anaitwa nani. Nikamwambia kwamba hatukumuuliza.

Akaandika: Mama wa kuni, 500.